Hodi ya Watu wa Gesi

Kwetu sisi tuliopanga kwenye majengo ya zamani nyuma ya mtaa wa Dengfeng, mjini Guangzhou, China, mlango uliogongwa bila hodi haukufunguliwa. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Ilijitunga yenyewe miaka ile msako wa pasipoti ulipopamba moto. Mswahili, hata akiwa amebanwa na haja, akifika mlangoni kwako atasema hodi. Mchina hasemi. Anagonga, anataja kilichomleta, kisha anagonga tena kwa nguvu zaidi kana kwamba mlango ndio kiziwi. Basi aliyesema hodi alikaribishwa, akala, akalala akitaka. Asiyesema alikuta tumekausha: redio imezimwa, miguu imepandishwa kitandani, na sufuria iliyo motoni imeachwa iungue.

Nyumbani tulikuwa wawili. Mimi natoka Iringa, nilikuwa nikinunua nguo za watoto. Mwenzangu alitoka Tabora, mjane, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kimo, mwenye sauti nzito ya kwaya, na yeye biashara yake ilikuwa viatu. Tulikutana soko la jumla la Zhanxi, katikati ya mikokoteni na marobota, tukigombea robota moja la raba za kike, kila mmoja akimvuta muuzaji upande wake kwa Kichina cha vidole. Tulipogundua kwamba tunatukanana kwa lugha moja tuliona aibu, tukaligawana lile robota. Tangu siku hiyo nikamwita dada, naye akaniita mdogo wangu, tukapanga pamoja.

Viza yangu ilikuwa hai. Yake ilikuwa imekufa. Mwaka wa Olimpiki viza zilikazwa kwa kila mtu. Waliozoea kwenda kugongewa muhuri mpakani na kurudi walijikuta wanaambiwa hapana, na dada alikuwa mmoja wao. Angeweza kuondoka siku ile ile, lakini viatu vyake vilikuwa bado kiwandani, na mtu anayeondoka na viza iliyokufa hajui atafungiwa mlango kwa miaka mingapi. Kwa hiyo alikuwa akisubiri mzigo wake wa mwisho upakiwe kwenye kontena. Mzigo ukiingia melini, naye anakwenda uwanja wa ndege kujisalimisha, akubali atakachoambiwa.

"Sitaki kutolewa," alikuwa akiniambia. "Nataka kuondoka. Kuna tofauti, mdogo wangu."

Niliielewa vizuri tofauti hiyo. Kwao alikuwa mama mwenye duka, mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele ya watu. Habari kwamba amerudishwa na polisi ingefika Tabora kabla yake.

Nyumba yenyewe nisipoieleza hamtanielewa. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kichina aliyeishi mtaa wa jirani, anayevaa ndala na kufunga nywele kwenye rola za plastiki mchana kutwa. Tulimpa jina la Mei Wenti, maana yake "hakuna tatizo", kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kila kitu. Sinki linavuja, mei wenti. Panya, mei wenti. Sheria ilitaka mpangaji mgeni aandikishwe kituo cha polisi. Yeye hakutuandikisha, ili asiulizwe maswali, na hilo nalo kwake lilikuwa mei wenti. Alikuwa ameikata sebule kwa mbao ili apate chumba cha pili. Halafu akaichukua roshani, ambayo zamani ilikuwa wazi kwa upepo, akaizungushia vioo na alumini mpaka juu, akapata jiko na bafu.

Huko ndiko ilikokuwa hita ya maji. Sanduku jeupe limetundikwa ukutani, linatumia gesi ya bomba, ukifungua maji ya moto linalia tik-tik-tik kisha moto unashika kwa mlio mkubwa wa kushtua. Lilikuwa na bomba la kutolea moshi, limeelekezwa nje kama inavyotakiwa, ila ni nje ya zamani. Baada ya vioo vya Mei Wenti, bomba lile lilikuwa linaishia ndani, limekaribia kugusa kioo. Sisi hatukuliona hilo. Tuliona maji ya moto, tukafurahi. Mimi kwetu Iringa najua baridi, lakini baridi ya Guangzhou ni ya roho mbaya, inaingia na unyevu mpaka kwenye godoro, na ndani ya nyumba kuna baridi kuliko nje.

Sasa kuna neno. Polisi kwa Kichina wanaitwa gong'an. Mwafrika wa mtaa ule alilijua neno hilo kabla hajajua neno la maji. Likitajwa tu na kijana anayekimbia, mtaa mzima wa wauza simu na wabadilisha fedha ulikuwa unapungua watu kufumba na kufumbua, wanabaki wenye viza hai wakijifanya wanachagua betri. Tulikuwa tunalisikia hata pale ambapo halikusemwa.

Siku moja asubuhi mlango ukagongwa. Bila hodi. Nikasogea kwenye kitundu cha mlangoni bila viatu, nikaona kofia na shati la buluu, na nyuma yake shati jingine la buluu. Mwenye kofia akapaza sauti. Maneno yalikuwa mengi, yalikwenda mbio, lakini katikati nilikamata "gong" na mwishoni nikakamata "an". Nilichohitaji nimekipata. Nikarudi kinyumenyume, nikamwonyesha dada kwa mkono: kausha. Alikuwa anakaanga vitunguu. Akazima jiko, akakaa sakafuni palepale na mwiko wake. Wakagonga, wakasema tena, wakazungumza wao kwa wao, wakaenda kumgongea jirani. Jirani akafungua. Tuliwasikia wakicheka naye, tukamwona ni msaliti.

Walirudi wiki iliyofuata, tukakausha tena. Walipoondoka dada alipiga magoti, akashukuru kwa sauti ya chini, na mimi nikaitikia amina. Tulikuwa tumewashinda polisi mara mbili! Tuliwasimulia wenzetu kanisani kwa majivuno, tukatia na chumvi kidogo.

Ndipo maumivu ya kichwa yakaanza. Baridi ilikuwa imezidi, tukafunga kila dirisha, na mimi nikachukua mabaki ya vitambaa vya sampuli nikaziba nyufa zote za vioo vya roshani, nikajisifu kwa ufundi wangu. Dada alikuwa akitoka kuoga anajilaza, anasema ni presha. Siku nyingine ni malaria, akameza dawa mseto aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa nikitapika, nikamlaumu samaki. Tulikuwa wepesi wa kujitibu, kwa sababu hospitali iliomba pasipoti, na pasipoti ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe.

Dada alikuwa na kawaida ya kuimba bafuni. Nyimbo za kwaya, sauti ya pili, kwa hiyo hupati wimbo, unapata ule upande wake tu. Jumamosi moja, wakati nakunja nguo chumbani, upande ule ukanyamaza katikati ya ubeti. Nikasikia ndoo imeanguka. Nikaita. Maji yanamwagika, hita inanguruma, yeye kimya.

Nilisukuma mlango wa bafu kwa bega. Alikuwa chini, mgongo ukutani, macho nusu wazi, midomo imepauka. Mimi ni mtu mdogo, nyumbani walikuwa wakiniita kijiko. Sijui nilipata wapi nguvu. Nikamtupia kanga, nikamshika makwapani, nikamburuza kupita jikoni, kupita chumba chake, kupita changu, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nikaufungua ule mlango bila kuchungulia. Nikamlaza kwenye ngazi penye hewa. Kichwa changu nacho kilikuwa kinagonga. Nikamzaba vibao huku nalia, namwita dada, dada, dada, mpaka akakohoa na kusema, "Unanipigia nini?"

Sijawahi kufurahi kugombezwa kama siku ile.

Tulikuwa bado pale ngazini, amejifunga kanga na koti langu lisilomtosha, tuliposikia kutoka chini, "Hodi hodi wenyewe!" Alikuwa rafiki yetu mmoja wa Tanga. Nyumbani alikuwa akifundisha sekondari, na huku alikuja kwa ufadhili kusoma shahada ya pili, kwa hiyo tulimwita Mwalimu. Jumamosi alikuwa akija kututafsiria sokoni Liuhua, nasi tunampikia, kwenye sufuria yake maalumu isiyojua nguruwe. Alitukuta tumekaa kwenye ngazi kama watu waliofukuzwa.

"Shikamoo mama. Kuna nini tena?"

"Presha," akasema dada.

"Presha yake inapanda bafuni tu," nikasema mimi. Nililisema kwa hasira, sikujua kwamba nimesema jambo.

Mwalimu akaniangalia. "Na wewe, dada? Kichwa kinauma saa ngapi?"

Nikafikiri. Nikioga. Nikipika kwa muda mrefu huku dada anaoga. Nikienda sokoni kinapona.

Akaingia ndani amefunika pua kwa mtandio wake, akazima hita, akafungua madirisha yote, akavuta vitambaa vyangu vyote kutoka kwenye nyufa na kuvitupa chini. Kisha akatuita, tukasimama mlangoni mwa jiko. Alituonyesha ukuta juu ya hita, ulikuwa na weusi wa masizi ambao tulikuwa tumeuzoea. Akatuonyesha bomba, na kioo kilicho mbele yake.

"Hii," akasema, "ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa."

Hakuhitaji kuongeza neno. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua habari ya jiko la mkaa: watu wameingiza jiko chumbani kwa ajili ya baridi, wamelala, na asubuhi mlango umevunjwa na majirani. Dada alikaa kwenye gunia la mchele. Akasema kwamba kwao mke na mume walikwenda hivyo na mtoto mchanga katikati. Alisema amewahi kuwaimbia kwenye mazishi.

"Lakini watu wa gesi mbona hawakuwaambia?" akauliza Mwalimu. "Wanapita kila nyumba kukagua. Ni bure. Awe mwenye nyumba, awe mpangaji, ni haki yake. Nyumba mmeikodi na gesi yake, kwa hiyo mna haki ya gesi isiyoua. Hawajaja?"

"Hajaja mtu wa gesi hapa," nikasema.

"Wanavaa buluu. Wana kofia na mikoba ya vifaa."

Mimi na dada tukatazamana.

"Walisemaje walipogonga?" Mwalimu akauliza pole pole.

Nikamwigizia. Mimi kuiga naweza, hata nisichokielewa. Nikamtolea kama nilivyosikia, kwa sauti ya yule mwenye kofia: "Ranqi gongsi, anjian!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. "Ranqi gongsi ni kampuni ya gesi. Anjian ni ukaguzi wa usalama." Akacheka tena. Kisha akamwangalia dada pale kwenye gunia, midomo bado haijarudiwa na rangi, kicheko kikamkatikia, akaanza kufuta machozi yaliyokuwa ya kitu kingine.

Gong kutoka kwenye kampuni, an kutoka kwenye usalama. Tulichukua kipande huku na kipande kule tukatengeneza polisi wetu wenyewe, tukawafungia mlango, tukamshukuru Mungu.

Mwalimu akampigia Mei Wenti, simu ikiwa kwenye spika. Mnajua jibu lake. Hita haina tatizo, wapangaji waliopita waliitumia, hakuna aliyelalamika. Mwalimu akamwambia kwamba mtu ameanguka leo. Yule mama akasema tufungue dirisha. Mwalimu akamwambia ni wajibu wake kuitengeneza. Akajibu kwamba tukileta watu wa gesi watamwambia avunje vioo vyake, na kama hatupendi nyumba, wageni wa kupanga ni wengi. Hapo nikamnyang'anya Mwalimu simu. Nikamtukana yule mama kwa Kihehe, taratibu, kwa sauti tamu, na ukoo wake wote. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema mei wenti.

Kwa hiyo Mwalimu akaipigia kampuni mwenyewe, kwa namba iliyobandikwa kwenye mita. Hawakuuliza viza. Hawakuuliza hata jina zima. Waliuliza mtaa, jengo na ghorofa, wakasema watakuja Jumatano, asubuhi au mchana, awepo mtu wa kufungua. Nilishangaa mno. Katika mji ule wote hiyo ndiyo ilikuwa haki ya kwanza niliyoambiwa kwamba ninayo, na ilikuwa inakuja hadi mlangoni kwa miguu yake.

Tukabaki na suala la neno. Mwalimu alitukalisha kama darasa la kwanza. Gong'an, akasema, inakaa juu mwanzo mpaka mwisho, haishuki. Anjian inaanza juu, lakini mwisho inazama. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Dada alisikia mara moja.

"Gong'an ni soprano tupu," akasema. "Anjian inamalizia kwa besi."

"Hasa, mama!"

Siku zile zote tukiosha vyombo alikuwa akijiimbia: an juu, jian chini. Tulikuwa tunachemsha maji kwenye birika la umeme na kuogea beseni, madirisha wazi, tunatetemeka na kuchekana. Kichwa hakikuuma tena. Alianza hata kupanga safari yake. Kiwandani walikuwa wamemwambia viatu viko karibu kuisha, kontena litafungwa kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Alinunua sanduku, akaanza kupanga nguo zake ndani yake, anatoa, anapanga upya.

Jumanne jioni nilimwambia atoke kesho yake, aende akakae kwa watu mpaka ukaguzi uishe. Anibakishe mimi mwenye viza hai.

"Niende wapi?" akasema. "Chini pale kila kona ina kofia. Barabarani ndiko wanakokamatia. Humu ndani nina mlango. Na hao wa gesi Mwalimu amesema hawaulizi."

Msako wa wiki ile ulikuwa wa barabarani kweli, kwenye daraja la waenda kwa miguu na kwenye milango ya masoko. Kila mtu mwenye viza iliyokufa alikuwa amejifungia kwake. Ningekuwa yeye ningesema vile vile.

Jumatano aliamka akapika kama kuna harusi. Chai ya maziwa yenye tangawizi, maandazi ya iliki. Nikamwambia fundi wa Kichina hanywi chai ya maziwa. Akasema mgeni ni mgeni, na huyu anakuja kutuokoa maisha. Alivaa gauni lake la kanisani. Mimi nilikwenda roshanini kuondoa maboksi yangu ya nguo chini ya hita ili fundi apate nafasi, na nilikuwa nayaburuza, yanakwaruza sakafu, nilipohisi kama mlango umegongwa. Nikaacha kuburuza. Nikasikia sauti ya mwanamke nje, haraka haraka. Kabla sijanyanyuka nikasikia komeo limevutwa, na sauti ya dada, nzito, yenye furaha yote aliyokuwa nayo:

"Karibu! Karibuni ndani, karibuni!"

Nikayaacha maboksi, nikaenda.

Nilipofika, walikuwa watatu, mwanamke na wanaume wawili, na buluu yao ilikuwa nzito kuliko ile ya watu wa gesi. Hawakuwa na mikoba ya vifaa. Dada alikuwa amesimama katikati ya chumba na birika la chai mkononi. Yule mwanamke alikuwa kijana, amechoka, uso si mbaya. Alisema kwa Kiingereza, neno moja, pasipoti. Nikaleta yangu. Akaigeuza, akanirudishia. Kisha akamnyooshea dada mkono.

Siwezi kusema walitutendea vibaya. Walisubiri abadilishe viatu. Walimruhusu achukue mkoba na koti. Lile sanduku jipya walisema aliache. Nilimfuata chumbani kwake nikimsaidia vifungo vya koti, na hapo ndipo aliponinong'oneza.

"Nilisikia an," akasema. "Nikafurahi. Sikungoja mwisho."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba meno yaliniuma: na yule mama wa vioo, na wale watatu, na lugha yenye maneno yanayofanana, na mimi mwenyewe niliyekuwa chini ya hita nikihangaika na maboksi. Nikamfunga kifungo cha juu. Mlangoni aligeuka, nikadhani ataniambia habari ya viatu vyake kiwandani au ya watoto wake.

"Usioge maji ya moto mpaka waje," akasema.

Akashuka ngazi katikati yao. Hakushikwa mkono. Jirani alichungulia, akafunga mlango.

Alikaa kizuizini muda mrefu, kisha akapandishwa ndege. Mzigo wake niliupakia mimi, na sanduku nikampa mtu aliyekuwa anasafiri. Tulizungumza kwa simu baadaye, lakini kuhusu siku zile hakunisimulia, nami sikuuliza. China hakurudi tena.

Mchana ule wa Jumatano nilikuwa nimekaa palepale kwenye gunia la mchele, sijala, sijafunga hata komeo, mlango ulipogongwa. Sauti ya mwanaume, haina haraka: "Ranqi gongsi, anjian." Nikaisikia ikizama mwishoni. Mimi ambaye sikuwahi kuisikia tofauti ile, sasa niliisikia wazi. Nilikaa. Akagonga tena. Nilitamani kumwacha agonge mpaka kesho, aondoke na usalama wake. Kisha nikakumbuka nilichoambiwa na mtu aliyetoka kwenye mlango ule ule asubuhi, nikaenda nikafungua.

Alikuwa mzee mfupi mwenye mkoba mkubwa. Alivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu vyake asinichafulie sakafu. Akafika kwenye hita, akaiangalia, akaliangalia bomba, akakiangalia kioo, akavuta pumzi kwa meno. Akapaka povu la sabuni kwenye viungio. Akawasha hita kwa muda mfupi tu akiwa ameshika kifaa kidogo, na kifaa kikapiga kelele. Akazima kila kitu. Akafunga gesi kwenye mita kwa kifungo chenye lakiri, akabandika karatasi nyekundu juu ya hita. Akanieleza kwa mikono, kwa kuwa alishaona Kichina changu ni cha sokoni: akanyooshea kidole bomba, akanyooshea kioo, akafumba macho, akalaza kichwa begani. Akafumbua, akanitazama kuona kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa. Akapiga simu, bila shaka kwa mwenye nyumba, na alikuwa anafoka, na kwa mara ya kwanza sikusikia upande wa pili ukisema mei wenti.

Nilimpa andazi, kwa kuwa yalikuwa yamepikwa kwa ajili yake. Alilila amesimama, akanipa dole gumba. Chai aliikataa.

Kisha akatoa karatasi yake ya kazi na kuniuliza kitu. Sikuelewa. Akarudia, akionyesha vyumba, akionyesha taulo mbili zilizotundikwa kwenye kamba na miswaki miwili ndani ya kikombe. Alikuwa anauliza nyumba hii ina watu wangapi. Hakungoja jibu, aliona mwenyewe, akainua vidole viwili ili nimthibitishie.

Nikaushika mkono wake, nikamkunja kidole kimoja.